Ruta, Vikundi na Kilo Zetu: Shauri Hili Si la Fundi Peke Yake



Katika viwanda vingi vya siku hizi kilo za mchumaji wa chai hupita kwenye waya kabla hazijafika ofisi ya mishahara. Alama ya kidole tunayoweka getini asubuhi nayo hupita huko huko. Kamera za stoo, kompyuta ya zahanati na intaneti ya wageni, vyote vinatumia njia moja. Kwa hiyo namna njia hiyo inavyopangwa ni jambo la mshahara wetu. Hapana budi tulielewe.

KUTA ZISIZO NA MATOFALI

Kompyuta za kiwanda hukutana kwenye chombo kiitwacho swichi. Fundi anaweza kuigawa swichi moja iwe mitandao mingi, kila mmoja na namba yake. Mafundi huuita mtandao wa namna hiyo VLAN. Ujumbe unapotoka swichi moja kwenda nyingine hubandikwa namba ya mtandao wake, kama gunia linavyopigwa chapa ya shamba lilikotoka. Utaratibu huo, uitwao 802.1Q, ulitolewa mwaka 1998, nao unatoa namba 4,094 za kutumia.

Ujumbe wa mtandao mmoja hauingii mtandao mwingine mpaka upite kwenye ruta. Ruta ni bawabu. Anaruhusu au anakataa kwa kufuata maagizo aliyoandikiwa na fundi.

BAWABU MWENYE MAAGIZO MENGI MNO

Tuseme kiwanda kina mitandao 12: mizani, mishahara, mahudhurio, zahanati, stoo, karakana, mashine za kukaushia, kamera, simu, uongozi, mauzo na wageni. Kila mmoja una wenzake 11. Fundi akitaka kuandika nani aende kwa nani, mmoja mmoja, ataandika maagizo 132. Ukiongezwa mtandao wa 13, yanafika 156.

Katika maagizo mengi kiasi hicho, kosa moja halionekani. Agizo moja likisahauliwa, kilo hazifiki ofisini, na mwisho wa mwezi mfanyakazi anaambiwa asubiri. Agizo moja likizidi, mgeni mwenye simu yake anaweza kuifikia kompyuta ya mishahara.

DAWA YAKE NI KUWEKA VIKUNDI

Mafundi hodari hawaandiki hivyo. Mitandao yenye haki sawa huiweka katika kikundi kimoja, kisha humwandikia bawabu maagizo ya kikundi. Mitandao yetu 12 ikiwa vikundi vitatu, yaani kazi, ofisi na wageni, maagizo ya kutoka kikundi hadi kikundi yanabaki sita. Ukija mtandao mpya, fundi anaandika jina lake katika kikundi chake, basi.

Sisi wa chama jambo hili tunalijua. Pasipo mkataba wa pamoja, kila mtu anajadiliana na mwajiri peke yake, na karatasi zinakuwa nyingi kama watu. Penye mkataba wa pamoja, karatasi moja inawahusu wote wa daraja lile, na kosa likiwamo linaonekana na wote.

Hapa Kigali tunao mfano mwingine. Mwaka 2004 ilianzishwa RINEX, mahali ambapo kampuni za intaneti za Rwanda hukutana na kubadilishana ujumbe. Kabla ya hapo, ujumbe wa kampuni moja ya hapa kwenda kwa jirani yake uliweza kuzunguka ng'ambo kwanza. Kampuni kumi zikitaka kuungana kila moja na kila moja, zinahitaji viungo 45. Zikikutana mahali pamoja, kila moja inaleta kiungo chake kimoja tu.

Iko pia njia ya kuunganisha mitandao midogo chini ya mtandao mmoja mkubwa, iliyoelezwa mwaka 2001 katika waraka uitwao RFC 3069. Faida yake ni anwani. Kila mtandao ukipewa fungu lake la anwani 16, tatu hazitumiki kwa kompyuta za watu, zinabaki 13. Mitandao 12 inapoteza anwani 36. Ikiwa chini ya mkubwa mmoja, zinazopotea ni tatu tu, na kuta kati ya mitandao midogo zinabaki palepale.

HATARI ILIPO

Kikundi hurahisisha kazi, lakini kikipangwa vibaya hueneza kosa. Agizo moja baya sasa linafungua milango mingi kwa mara moja. Fundi mwenye haraka akiweka kamera za kampuni ya ulinzi pamoja na mizani na mishahara, ati kwa sababu zote ni "vyombo vya kiwanda", watu wa nje wamesogezwa karibu na kilo zetu. Vikundi vipangwe kwa kuangalia nani ana haki ya kuona nini. Urahisi wa fundi uje baadaye.

Sheria ipo. Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 inalinda taarifa binafsi na faragha nchini Rwanda. Inamtaka anayezihifadhi azilinde, na inampa mwenye taarifa haki ya kuzipata.

Kwa hiyo wajumbe wa wafanyakazi, kuanzia viwanda vya Masoro hadi mashamba ya chai ya Mulindi na Kitabi, wakikaa na mwajiri waulize haya:

1. Mizani, mahudhurio na mishahara viko kikundi gani, na nani mwingine yumo?
2. Wageni na kampuni za nje wana kikundi chao peke yao?
3. Orodha ya vikundi imeandikwa, au iko kichwani mwa fundi mmoja?
4. Kikundi kikibadilishwa, nani anaidhinisha, na nani anapima kabla ya siku ya mshahara?

Maswali haya hayahitaji shahada ya kompyuta. Fundi mzuri atayajibu kwa karatasi moja, kwa sababu aliyeweka vikundi vyema anaweza kuvieleza. Jibu likihitaji maelezo 132, ndugu zangu, hapo ndipo pa kuanzia kazi.