Mchungaji Anayekwenda Ujerumani Aanze na Jina Lake

Kabla ya sanduku, kabla hata ya pasipoti, mchungaji aliyeteuliwa kwenda kutumika Ujerumani atandaze vyeti vyake vyote mezani, asome jina lake. Cha ubatizo kinasema Petro, cha kidato cha nne kinasema Peter, cha ndoa kimeongeza jina la babu. Usharikani kila mtu anajua kuwa huyu ni yule yule. Ofisa wa viza hamjui. Mbele yake wamesimama watu watatu. Kuyalinganisha majina kwa kiapo au kwa hati ya kubadili jina huchukua muda, na aliyekulia kijijini akabaki na cheti cha ubatizo peke yake itambidi kwanza akatafute cheti cha kuzaliwa kwa wakala wa usajili, RITA. Karatasi nyingine zote zinaegemea hapo.

Baada ya jina, lugha. Wamisionari wa Kijerumani wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893 iliwabidi wakae chini wajifunze Kichaga, wakosolewe na watoto. Leo njia imegeuka, na anayekwenda kukosolewa na watoto ni Baba Mchungaji. Kijerumani kina jinsi tatu za nomino, der, die na das, ambazo wanafunzi wengi huzilalamikia. Mtu aliyekua na ngeli za Kiswahili asiogope tatu! Kinachomtega kweli ni saa. Mjerumani akikwambia mkutane halb vier, ambayo neno kwa neno ni "nusu nne", anamaanisha saa tisa na nusu alasiri. Sikio la Kiswahili husikia saa nne na nusu. Hapo mtu ameshakosea mara mbili, kwa nusu na kwa kuhesabu saa, na wazee wa kanisa wamekaa wanamsubiri.

Anayesahaulika zaidi katika maandalizi ni mwenzi. Kwa kawaida sheria ya Ujerumani humtaka mume au mke anayemfuata mwenzake aonyeshe cheti cha Kijerumani cha ngazi ya A1 kabla ya kupewa viza, ingawa wapo wanaosamehewa. Mchungaji akisomeshwa peke yake, huenda akatangulia huku Mama Mchungaji amebaki na watoto, ndiyo kwanza anaanza kujifunza kuhesabu. Goethe-Institut ipo Dar es Salaam. Waandikishwe wote wawili siku moja.

Akishafika, ana wiki mbili tangu aingie kwenye nyumba yake kwenda kujiandikisha manispaa. Huko ataulizwa dini yake, na swali hilo lina bei. Waumini wenye kipato hukatwa kodi ya kanisa: 8 kwa mia ya kodi ya mapato yao huko Bayern na Baden-Württemberg, 9 kwa mia katika majimbo mengine. Serikali hukusanya, kanisa hupewa. Ndiyo maana hatauona mnada wa ndizi na kuku baada ya ibada, na asidhani kuwa watu wale si watoaji. Wameshatoa kabla mshahara haujafika mkononi. Viti vitupu Jumapili vitamshtua zaidi, lakini asiharakishe kuwahubiria kuhusu viti hivyo. Mwaka wa kwanza asikilize.

Kutembelea waumini nako kuna utaratibu wake. Kule hupigi hodi tu. Unapiga simu, mnapanga siku. Desemba jua huzama karibu saa kumi alasiri, na mgeni asiye na miadi na mtu anaweza kukaa ndani peke yake jioni nzima, wiki nzima. Nadhani upweke huo huchosha kuliko baridi. Koti linanunuliwa, lakini rafiki wa kunywa naye chai ni lazima atafutwe mapema kupitia usharika unaompokea.

Na kwa halmashauri inayomtuma: kaeni na wenzenu wa kule muandike ni nani atakayelipa michango yake ya hifadhi ya jamii akiwa nje, nani atamlipia nauli akifiwa, na akirudi atapangiwa kazi gani. Leseni yake ya udereva ya Tanzania itatumika kule kwa miezi sita tu tangu ahamie; akipangiwa sharika za vijijini, gharama ya kupata leseni mpya iwemo kwenye bajeti. Ada ya Kijerumani ya watu wawili ilipwe kabla ya kununua mbuzi wa kumuagia.