Pango la Daudi lilijaa watu wenye madeni

ZABURI ya 91 haikosi hapa mjini. Utaiona imebandikwa kwenye kioo cha matatu, kwenye mlango wa keja, hata kwenye stetasi ya msee ambaye hajaingia kanisani tangu Krismasi.

Si vibaya. Ni zaburi ya mtu anayetafuta pa kujificha, na nani mjini hatafuti? Kodi ya nyumba imefika, wenye mkopo wa simu wanapigia hadi shangazi yako, na kazi uliyoahidiwa Januari bado ni "tutakupigia".

Lakini kuna kitu wengi huruka. Katika Mathayo 4, anayenukuu zaburi hiyo ni Ibilisi. Anamsimamisha Yesu juu ya hekalu na kumwambia ajirushe, eti malaika watamdaka. Yesu anakataa katakata, kwamba Mungu hajaribiwi hivyo.

Kwa hivyo ukisikia mhubiri akikwambia uache dawa au uuze kila kitu kwa sababu Mungu atakulinda, kaa macho. Baada ya mamia ya miili kufukuliwa Shakahola, Kilifi, kuanzia 2023, hatuwezi kusema hatukuonywa.

Sasa, kimbilio la kweli linafananaje? Mimi huenda 1 Samweli 22. Daudi anasakwa na Mfalme Sauli, anaingia pango la Adulamu. Wanamfuata wanaume kama 400: wenye dhiki, wenye madeni na wenye uchungu moyoni. Ni kama grupu ya WhatsApp ya mtaa wowote wa Eastlands!

Angalia alichofanya. Alilia kwanza. Zaburi ya 142, ambayo kichwa chake kinataja pango, ni malalamiko matupu kwa Mungu, na hakuna aliyemwambia kwamba imani yake ni ndogo. Kisha akawapeleka wazazi wake kwa mfalme wa Moabu wakae salama. Nabii Gadi alipomwambia atoke arudi Yuda, alitoka, na Sauli alikuwa bado anamsaka.

Kumtegemea Mungu hakukumzuia kupanga maisha.

Kwa Mkristo, kimbilio hilo ni Yesu mwenyewe, yule anayewaita waliolemewa na mizigo katika Mathayo 11. Naye hakuahidi kwamba hakuna litakalokupata. Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke, na bado msalaba ukaja. Alichokuwa nacho usiku ule ni Baba wa kuongea naye, na aliwaomba rafiki watatu wakeshe naye, ingawa walisinzia.

Hapo ndipo makanisa yetu ya mjini yanapaswa kujiuliza. Vijana wanajaa kwenye kesha, wanaimba hadi alfajiri, kisha kila mmoja anarudi na deni lake kimyakimya. Katika pango la Adulamu, kila mtu alijua nani anadaiwa. Je, kikundi chako cha maombi kinajua?