Eve Muirhead na Jiwe la Mwisho

Eve Muirhead alizaliwa mwaka 1990 mjini Perth, Uskoti, akalelewa Blair Atholl. Gordon, baba yake, alikuwa mfugaji wa kondoo na mchezaji wa kalingi wa kiwango cha dunia. Binti huyo alitwaa ubingwa wa dunia wa vijana mara nne: 2007, 2008, 2009 na 2011.

Katika kalingi, timu mbili za wachezaji wannewanne husukuma mawe ya itale, kila moja likikaribia kilo 20, juu ya barafu yenye urefu wa meta 45 hivi. Shabaha ni duara lililochorwa upande wa pili. Wachezaji wawili hutangulia mbele ya jiwe wakiisugua barafu kwa mafagio, na msuguano ukipungua jiwe huenda mbali zaidi na kupinda kwake hupungua. Kila mchezaji hutupa mawe mawili katika raundi, na mechi ina raundi 10. Kwa kawaida nahodha ndiye anayepanga mbinu na kutupa mawe mawili ya mwisho. Kazi nzuri ya wenzake watatu inaweza kupotea mkononi mwake, ndiyo maana timu huitwa kwa jina lake.

Muirhead alibeba mzigo huo mapema mno. Akiwa na miaka 19 aliiongoza Uingereza katika Olimpiki ya Vancouver ya 2010, lakini hawakufika nusu fainali. Mwaka 2013, mjini Riga, Uskoti iliifunga Uswidi 6-5 na kuwa bingwa wa dunia. Mwaka uliofuata, katika Olimpiki ya Sochi, aliishinda Uswisi kwa matokeo hayohayo na kupata shaba. Wakati huo hapakuwa na nahodha wa umri mdogo kuliko yeye aliyewahi kupata medali ya Olimpiki.

Olimpiki ya PyeongChang ya 2018 ilikuwa na uchungu. Katika mechi ya kuwania shaba dhidi ya Japani, jiwe lake la mwisho lilikuwa na nafasi ya kuleta ushindi. Halikufika lilikokusudiwa, na Japani ikashinda 5-3. Baadaye mwaka huo alifanyiwa upasuaji wa nyonga. Mwaka 2021 Uskoti ilishindwa kumaliza ndani ya sita bora katika mashindano ya dunia, hivyo tiketi ya moja kwa moja ya Uingereza kwenda Olimpiki ya Beijing ikapotea.

Hapo viongozi wa mchezo huo Uingereza waliacha utaratibu wa timu za kudumu. Wanawake tisa waliwekwa kwenye kundi moja, kila mmoja akipigania nafasi yake, Muirhead akiwemo. Kwa mtu aliyekuwa nahodha kwa zaidi ya miaka kumi, kukubali kupimwa upya kulihitaji unyenyekevu mkubwa. Walioteuliwa pamoja naye ni Vicky Wright, ambaye pia alikuwa muuguzi, Jennifer Dodds, Hailey Duff na Mili Smith. Timu hiyo ilishinda ubingwa wa Ulaya, kisha ikapata tiketi ya Olimpiki katika mechi za kufuzu huko Leeuwarden, Uholanzi, mwezi Desemba 2021.

Beijing nako mambo hayakuwa mepesi. Uingereza ilishinda mechi tano na kupoteza nne, sawa na Japani na Kanada, na nafasi za nusu fainali zilizobaki zilikuwa mbili. Kila moja ilikuwa imeifunga moja ya zile nyingine mbili, kwa hiyo kilichoamua ni mawe ya majaribio ambayo kila timu hutupa kabla ya mechi ili umbali wake kutoka kitovu cha duara upimwe. Kanada ikatolewa. Kazi hiyo ya kabla ya mechi, isiyoshangiliwa na mtu, ndiyo iliyookoa safari nzima.

Katika nusu fainali Uswidi iliongoza 4-0 mapema, lakini Uingereza ikashinda 12-11 katika raundi ya nyongeza. Tarehe 20 Februari 2022 ikakutana tena na Japani, safari hii kwenye fainali, na kushinda 10-3. Ilikuwa dhahabu pekee ya Uingereza katika michezo hiyo, na ya kwanza kwa wanawake wake wa kalingi tangu timu ya Rhona Martin ya mwaka 2002.

Miezi miwili baadaye, mjini Geneva, Muirhead alitwaa ubingwa wa dunia wa wachezaji wawili mchanganyiko akiwa na Bobby Lammie. Agosti 2022 alistaafu akiwa na miaka 32, na baadaye aliteuliwa kuongoza msafara wa Uingereza kwenye Olimpiki ya Milano Cortina ya 2026.