Imani Yetu na Gunia la Mahindi



Msimu wa mavuno hapa Chanji, kama kwingineko Ufipa, haukosi lumbesa: gunia linalojazwa kupita mdomo, kisha likashonewa kichwa. Sheria ya Vipimo (Sura 340) na kanuni zake zinakataza. Gunia la mazao lisizidi kilo 100, yaani karibu debe sita za mahindi. Lumbesa huongeza debe moja au zaidi, na mkulima halipwi nyongeza hiyo. Akiuza magunia sita, ametoa bure gunia zima. Hapo ndipo daftari za watoto zinapopotelea.

Linalotuumiza ni kwamba anayepunja na anayepunjwa huenda Jumapili wakaketi benchi moja. Walawi 19 inaagiza vipimo vya haki. Zakayo naye, alipompokea Bwana, aliahidi kurudisha mara nne alichodhulumu.

Basi tunaziomba kamati za parokia zianze nyumbani: mahindi ya sadaka yauzwe kwa mizani, si kwa lumbesa. Nanyi wafadhili wetu, mkitutembelea msihesabu majengo tu. Tuulizeni pia tunapimaje.