Waranti Imekwisha, Diski Yagonga

Diski kuu ya kompyuta ianzapo kufa, wengi hukimbilia kutafuta karatasi ya waranti, na wakiona siku zimepita huvunjika moyo kana kwamba wameibiwa. Twasema wazi kwamba waranti hiyo, hata ingalikuwa hai, isingalirudisha barua moja. Ahadi ya mwenye kiwanda ni chuma kwa chuma. Yaliyoandikwa ndani ni juu yako mwenyewe.

Tangu IBM ilipotoa diski ya kwanza mwaka 1956, yenye sahani 50 na nafasi ya herufi milioni 5, kazi yake ni ileile: sahani huzunguka, siku hizi mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa upenyo mdogo kuliko chembe ya moshi. Kichwa kikigusa sahani huikwaruza, na kilichokwaruzwa hakirudi. Basi diski igongayo ta-ta-ta izimwe papo hapo, si kesho. Kila dakika ya umeme yaweza kula ukurasa mwingine.

Ikiwa haigongi bali yasoma kwa uzito, kwanza badili waya, maana mara nyingine kosa ni la waya wa bei ndogo. Kosa likibaki, usiikarabati, nakili. Tafuta diski nyingine isiyopungua ukubwa, uanze na yaliyo adimu. Programu iitwayo ddrescue, isiyouzwa, huchukua kwanza panaposomeka, na palipooza hupaacha mwisho. Wapo washaurio diski itiwe katika friji! Baridi huleta unyevu, na unyevu hauna huruma.

Igongayo ni ya fundi mwenye chumba kisicho na vumbi, na gharama yake si ndogo. Mwenye picha za harusi ataamua peke yake. Lakini katibu wa ushirika aliyeweka daftari la wanachama katika diski moja tu, bila nakala, hana haki ya kuamua peke yake. Fedha zile na madai yale ni ya wakulima, nao waitwe waambiwe.

Diski iliyokwisha nayo isiuzwe kama chuma chakavu ilivyo. Majina na hesabu zingali zasomeka kwa ajuaye. Itobolewe sahani zote kwa keekee, mbele ya mashahidi wawili wa kamati.