Fahamu namna skrini ya nje inavyomsaidia mhariri wa picha kuona rangi halisi

Na Mwandishi Wetu, Arusha

Picha ya heroe katika maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, inaweza kutoka vizuri kwenye kamera lakini ikaharibika mezani kwa mhariri. Mara nyingi chanzo si uzembe, bali ni skrini ya kompyuta mpakato inayotumika kuihariri.

Skrini nyingi za kompyuta mpakato za bei nafuu hazionyeshi rangi zote za kiwango cha kimataifa cha sRGB, kinachotumika kwa picha nyingi za mtandaoni. Rangi ya waridi ya ndege hao huonekana imefifia, mhariri huikoleza, na picha ikichapwa ndege huwa wekundu kupita kiasi. Vilevile, skrini yenye mwanga mkali mno humshawishi kuipunguzia picha mwanga, na misitu ya Mlima Meru hutoka nyeusi kwenye karatasi.

Kwa wapiga picha na wajasiriamali wanaohudumia sekta ya utalii jijini Arusha, kosa hilo ni gharama. Vipeperushi hulazimika kuchapwa upya, na mgeni huahidiwa mandhari asiyoyakuta.

Skrini ya nje inayofaa kazi hiyo ni ya aina ya IPS, ambayo rangi zake hazibadiliki sana inapotazamwa kutoka pembeni, yenye angalau pikseli 1920 kwa 1080 na inayoonyesha rangi zote, au karibu zote, za sRGB. Huunganishwa kwa waya wa HDMI. Tundu la USB-C hutumika pale tu linapoweza kupitisha picha, kwani si kila kompyuta ina uwezo huo. Kwa kompyuta zinazotumia Windows, mtumiaji hubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P, kisha huchagua kupanua eneo la kazi ili picha ikae kwenye skrini kubwa na zana zibaki kwenye ndogo.

Hata hivyo, kununua skrini pekee hakutoshi. Inapaswa kusawazishwa kwa kifaa cha kupima rangi kinachowekwa juu ya kioo. Wapiga picha kadhaa wanaweza kuchangia ununuzi wa kifaa kimoja na kukitumia kwa zamu. Asiyekuwa nacho apunguze mwanga wa skrini, aiweke mbali na mwanga wa dirisha, kisha alinganishe picha moja iliyochapwa na ile anayoiona.

Aidha, skrini ya nje kwa kawaida haina betri. Umeme ukikatika itazima ingawa kompyuta mpakato itaendelea kuwaka, hivyo ni vema kuhifadhi kazi mara kwa mara.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe skrini iwashwe dukani, afungue picha anayoifahamu vizuri na kuitazama kutoka mbele na pembeni.