Siku ya Jua katika Kisiwa cha Mtakatifu Cuthbert

Sisi hatustaajabii jua. Likipanda, twatafuta kivuli cha mwembe. Lakini ziko nchi ambazo siku moja ya joto ni kama sikukuu: watu huacha makoti nyumbani, huchukua watoto na mkate, wakaenda baharini. Basi, wapenzi wasomaji, twendeni leo mpaka kisiwa kimoja cha huko.

Kisiwa hicho chaitwa Inner Farne, nacho ki upande wa kaskazini-mashariki wa Uingereza. Ni kidogo, mwamba wenye udongo haba juu yake. Upepo wake ni wa baridi hata mwezi wa Juni. Lakini ikitokea siku shwari, mashua hutoka bandari ndogo ya Seahouses zimejaa watu. Hakuna mwenye haraka, maana mwezi huo jua huzama karibu na saa nne za usiku.

Wenyeji wenye mabawa

Kijiji hakuna. Wenyeji ni ndege. Apendwaye kuliko wote ni pafini: mgongo mweusi, kifua cheupe, mdomo mnene wa rangi nyekundu na manjano. Kiota chake ni shimo ardhini, na jike hutaga yai moja tu kwa mwaka. Baba na mama hupokezana kulilalia, kisha hupokezana kuvua. Mgeni akitulia humwona mzazi akirudi na visamaki vyembamba vimepangwa mdomoni, akikimbilia shimoni kabla shakwe hawajamnyang'anya.

Yuko na membe wa kaskazini. Uzito wake ni kama robo ratili, lakini ni shujaa! Ukikaribia kiota chake hukushukia na kukudonoa utosini. Ndiyo sababu wageni huambiwa wavae kofia. Mwaka 2015 wataalamu walimfunga membe mmoja wa visiwa vya Farne chombo kidogo mguuni. Aliporudi mwaka 2016 ikaonekana kwamba alishuka pwani ya magharibi ya Afrika, akazunguka Rasi ya Tumaini Jema, akaingia Bahari ya Hindi, akafika penye barafu ya kusini ya dunia. Kwenda na kurudi, kilometa 96,000!

Mtakatifu na kunguru

Karibu na mwaka 676 mtawa Cuthbert alikuja kukaa hapa peke yake ili asali. Mtakatifu Beda anasimulia kwamba alipanda ngano, isiote. Akapanda shayiri, ikaota. Ndege wakaja kuila. Hakuwarushia mawe, bali aliwauliza mbona wanavuna wasichopanda. Wakaondoka.

Tena kunguru wawili waling'oa nyasi za paa la nyumba ya wageni. Akawakemea, wakaenda zao. Baada ya siku tatu mmoja akarudi, akainamisha kichwa na kutandaza mabawa kama aombaye radhi. Aliposamehewa, akamleta mwenzake, na zawadi pia: kipande cha mafuta ya nguruwe, ambayo wageni waliyapaka viatu vyao.

Cuthbert alifanywa Askofu mwaka 685, lakini alirudi kufa kisiwani, tarehe 20 Machi 687.

Msiba

Mwaka 2022 mafua ya ndege yaliingia visiwani. Ndege walikufa kwa maelfu, na walinzi waliozoea kuhesabu viota wakawa waokota mizoga. Wageni wakakatazwa kushuka. Inner Farne kilifunguliwa tena mwaka 2024. Nanyi mmekwisha kusikia: pafini hutaga yai moja kwa mwaka. Shimo lililobaki tupu halijazwi upesi. Ndiyo maana watu wa huko wakipata siku ya jua na ndege wao pamoja, hushukuru mara mbili.

Wazazi, kwetu jua ni la kila siku, na ndege tunao tele. Pengine kwa sababu hiyo hatuwatazami. Watoto wetu hutoka na manati, na yai huvunjwa kwa mchezo tu. Cuthbert shamba lake lilikuwa likiliwa, walakini alitumia neno, si jiwe.

Jumapili hii baada ya Misa, tembeeni na watoto mpaka mtoni au pwani. Waonyesheni kiota kimoja. Kisha mkiache kama mlivyokikuta.